Hedifoni Imekufa Upande Mmoja: Nani Alipe Nauli ya Kuirudisha?

Upande wa kulia ulinyamaza siku ya 19. Nilikuwa mezani kwangu, Morogoro, nikiandika mahojiano ya mzee mmoja wa Kilosa ambayo nilitakiwa kuyakabidhi kesho yake asubuhi. Sauti yake ikabaki sikio la kushoto peke yake. Hedifoni ile niliinunua kwa muuzaji wa Kariakoo kwa shilingi 95,000, ikatumwa kwa basi, nikaichukua stendi ya Msamvu. Ndani ya boksi palikuwa na kikaratasi cha waranti ya miezi 6. Jioni ile ile nikamwandikia muuzaji, naye akanijibu kwa upole: "Pole sana dada yangu. Waranti ipo, wala usiwe na wasiwasi. Tuma mzigo kwa basi, nauli juu yako. Ukifika, elfu ishirini ya fundi. Ikishapona utalipia tena nauli nikurudishie."

Nikapiga hesabu. Nauli ya mzigo kwenda 5,000, kurudi 5,000, fundi 20,000. Jumla 30,000, karibu theluthi ya bei niliyonunulia, kwa kitu kilichofanya kazi siku 18.

Naandika haya kwa sababu ya hiyo 30,000. Ndugu na majirani wengi waliowahi kunisimulia habari kama hizi hawakukataliwa na mtu. Waliambiwa ndiyo. Ila ndiyo ile ilikuja na nauli hapa, ada ya kuangalia pale, ya fundi, ya kifaa, mpaka mtu akaona heri anunue nyingine, na ile mbovu ikaishia kwenye droo. Ninachoamini mimi ni hiki: gharama ya kitu kibovu ni ya aliyekiuza, na wakati wa kulisimamia hilo ni pale ambapo mzigo bado uko mikononi mwako. Ukishaupakia kwenye basi na kulipa, umeshakubali masharti yake bila kutamka neno.

Lakini kabla hujamwandikia mtu, jiridhishe kwamba hedifoni ndiyo yenye tatizo. Iunganishe na simu ya pili, na ya tatu ukiweza kuazima, au na kompyuta. Kwenye mipangilio ya simu nyingi, sehemu ya ufikivu, kuna mstari wa kugawa sauti kati ya kushoto na kulia. Ukisukumwa upande mmoja kwa bahati mbaya, sikio la pili hunyamaza kabisa na mtu akadhani hedifoni imekufa. Kama ni ya Bluetooth, ifute kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, izime, iwashe, uiunganishe upya. Kwa zile ndogo za kuchomeka sikioni, tazama kile kiwavu cha mbele kwenye mwanga mkali. Nta ya sikio huziba taratibu, sauti ikafifia upande mmoja kuliko mwingine, na mswaki mlaini, mkavu, unaweza kukusafishia kwa dakika 2. Pangusa pia vile vidoa vya shaba vya kuchajia, maana jasho likikaukia pale sikio hilo halichaji. Kama ni ya waya, cheza wimbo huku ukiupinda waya polepole karibu na pini na pale unapoingilia kwenye kikombe. Sauti ikienda na kurudi, waya umekatika kwa ndani.

Hapo pa waya pana ugomvi wake, nakuambia mapema. Waya uliokatika kwenye pini muuzaji atasema umeuvuta, na mara nyingine atakuwa na haki. Waranti hulipia kasoro ya kutengenezwa. Hailipii kitu kilichokaliwa kwenye daladala, kilichoanguka kwenye sakafu, au kilichovaliwa kwenye mvua ya masika. Hata maandishi ya IPX4 yanayopigiwa debe madukani maana yake ni kuhimili matone yanayorushwa kutoka pande zote. Kuzama kwenye ndoo hakumo. Kama unajua moyoni kwamba mtoto aliiangusha, sema hivyo, kisha omba bei nzuri ya matengenezo. Muuzaji aliyekutana na wateja kumi waongo atamtendea vibaya wa kumi na moja aliye mkweli, na huyo wa kumi na moja anaweza kuwa wewe.

Jambo moja la hatari nilitaje hapa hapa. Ukiona hedifoni imevimba, inapata joto la kuunguza wakati wa kuchaji, au inatoa harufu ya dawa, acha kuichaji, iweke mbali na kitanda na vitu vinavyoshika moto, na usiitume popote kabla hujaongea na muuzaji. Betri ya lithiamu iliyoharibika inaweza kuwaka, na usafiri wa ndege hauipokei kabisa.

Ukishathibitisha ubovu, piga video. Dakika moja inatosha, lakini isikatwe katikati. Anza na boksi na namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number) iliyoandikwa juu yake, onyesha namba hiyo hiyo kwenye hedifoni kama ipo, onyesha risiti, onyesha mwili mzima wa kifaa kwamba hauna ufa wala alama ya maji, halafu icheze. Kwa upande uliokufa, sogeza simu inayorekodi karibu na kikombe kisichotoa sauti, kisha karibu na kile kinachotoa. Mimi niliongeza tarehe kwa kuweka simu ya jirani pembeni ikionyesha siku na saa. Video ile ilinisaidia kuliko maneno yote niliyoandika, kwa sababu ilimwondolea muuzaji ile kauli ya "tuma kwanza tuangalie."

Na usimpelekee fundi wako. Hili najua ni gumu, kwa sababu fundi yuko hatua 20 kutoka nyumbani na anakuambia ni kazi ya kuchomelea tu, elfu tatu. Akishaifungua, ile stika ndogo kwenye skrubu imechanika, na dai lako linaanza kuyumba. Yeyote atakayeiangalia baadaye ataanza kwa kuuliza nani aliifungua.

Sasa makaratasi. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwenye karatasi inayofifia. Ukiiacha kwenye pochi au kwenye dashibodi ya gari, baada ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku ile ile. Kwa Tanzania, dai risiti ya mashine ya kodi (EFD) hata kama muuzaji anakuambia bei itapanda. Sheria ya kodi inamtaka atoe, na wewe pia inakutaka udai. Risiti ile ina jina la biashara, tarehe, kiasi na namba ya uthibitisho, na hayo manne ndiyo kila mtu atakayekusikiliza baadaye atayauliza. Kama hukuipata, ujumbe wa muamala wa simu unasaidia, hasa ukiwa umelipa kwa Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi, jina litakalotokea linaweza kuwa la shemeji yake.

Kisha yale mazungumzo ya kabla ya kununua. Muuzaji aliyekuandikia "hii ni og, waranti miezi sita, ikizingua unarudisha" ametoa ahadi, na ahadi ile ni sehemu ya mapatano yenu hata kama haikuandikwa kwenye risiti. Meseji zinafutika. Zipige picha skrini kabla hujaanza kulalamika, si baada.

Niliposema gharama ni ya muuzaji, sikusema kwa hasira tu. Tanzania tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kenya wana yao yenye jina hilo hilo, Sura ya 31. Zote mbili zilichotwa kutoka sheria moja ya Uingereza ya mwaka 1893, na ndiyo maana zinafanana sana. Ndani yake mna mambo manne ambayo mnunuzi wa kawaida hajaambiwa.

La kwanza ni kwamba mtu anayefanya biashara ya kuuza bidhaa za aina fulani anachukuliwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa hiyo ina ubora wa kuuzika, hata kama hakutamka. Hii ni haki tofauti na kile kikaratasi cha waranti. Waranti ni ahadi ya ziada, ina masharti yake na siku zake. Haki ya sheria ilikuwepo kabla ya kikaratasi na iko kati yako na aliyekuuzia. Kwa hiyo muuzaji anapokuambia "hilo ni la kampuni, watafute wenyewe," mkumbushe kwa adabu kwamba fedha ulimpa yeye. Ila kuna tahadhari: ukiikagua bidhaa dukani, haki hiyo haifuniki kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Ukiijaribu dukani, basi ijaribu sawasawa, masikio yote mawili, kuchaji, kipaza sauti, vitufe vyote.

La pili ndilo lililonifurahisha zaidi nilipolisoma, na ndilo lililobadili mazungumzo yangu na yule kaka wa Kariakoo. Sheria inasema kwamba mnunuzi mwenye haki ya kukataa bidhaa, kama hawakupatana vinginevyo, halazimiki kuirudisha kwa muuzaji. Inatosha amjulishe kwamba ameikataa. Hebu lifikirie hilo. Nauli ya kuurudisha mzigo haianzi kuwa deni lako. Unamwambia: nimeikataa, iko hapa, salama, ndani ya boksi lake, njoo uichukue au utume mtu.

La tatu, haki hiyo ya kukataa haikai milele. Ukiishika bidhaa muda mrefu bila kusema neno, au ukifanya jambo linaloonyesha umeikubali, unahesabiwa kuwa umeipokea, na kinachobaki ni kudai fidia ya hasara. Sheria haitaji idadi ya siku, inasema muda unaofaa. Kwa hedifoni mimi nahesabu siku, sihesabu miezi. Siku uliyoona tatizo iwe ndiyo siku ya kuandika. Mtu anayesema "nitampigia mwisho wa mwezi nikipata nafasi" anaitoa haki yake kidogo kidogo.

La nne ni hasara zinazotokana moja kwa moja na ubovu ule. Nauli uliyolazimika kulipa, ada ya kumwona fundi aliyethibitisha kasoro bila kuifungua, vyote unaweza kuvidai kama sehemu ya hasara, mradi una ushahidi. Tunza stakabadhi ya mzigo ya basi. Tunza hata ile ya bodaboda kama ameandika.

Na lile tangazo la ukutani au la nyuma ya risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi"? Lina uzito mdogo kuliko linavyoonekana. Sharti ulilolikuta nyuma ya risiti baada ya kulipa halikuwa sehemu ya mapatano wakati mnapatana. Kwa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Walaji ya mwaka 2012 imekwenda mbali zaidi: inambana muuzaji kwa ubora wa bidhaa, na sharti linalojaribu kuifuta haki hiyo ni batili. Kifungu cha 46 cha Katiba yao ya mwaka 2010 kinawapa walaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro.

Usimrushie muuzaji vifungu hivi mwanzoni. Viweke akilini vikupe utulivu. Mtu anayejua anachostahili huandika kwa sauti ya chini, na sauti ya chini hujibiwa vizuri zaidi. Hii ndiyo meseji niliyomtumia, nimebadilisha kidogo tu:

"Habari za jioni kaka. Tarehe 3 Machi nilinunua kwako hedifoni moja nyeusi kwa shilingi 95,000, ikanifikia Morogoro tarehe 5. Ulinihakikishia waranti ya miezi 6. Leo tarehe 23 upande wa kulia umeacha kutoa sauti. Nimeijaribu kwa simu tatu na kompyuta, hali ni ile ile. Haijaanguka, haijalowa, haijafunguliwa. Video na risiti nimeambatanisha. Naomba unibadilishie nyingine ya aina hiyo hiyo, na kama haipo unirudishie fedha yangu. Kwa kuwa kasoro imetoka na bidhaa yenyewe, gharama za usafiri na ufundi naomba zibaki upande wako. Hedifoni iko kwangu, ndani ya boksi lake, tayari kuchukuliwa. Nitashukuru kupata jibu lako kabla ya Ijumaa tarehe 27. Ahsante sana."

Angalia ilivyojengwa. Ina tarehe, kiasi, na kasoro moja iliyotajwa kwa maneno ambayo mtu yeyote ataelewa. Haisemi "mmenitapeli." Inaomba jambo moja na mbadala wake mmoja, ukiomba matano atachagua lile la bei ndogo. Inataja gharama kabla yeye hajazitaja tena. Ina siku ya mwisho, kwa sababu ombi lisilo na siku hubaki limesomwa bila kujibiwa. Kama muuzaji ni mtu mzima kuliko wewe, anza na shikamoo na uiandike kama unavyoitamka. Heshima haipunguzi dai hata senti moja.

Alinipigia simu badala ya kuandika, kama wanavyofanya wengi. Pokea, ongea naye vizuri, lakini mkimaliza mwandikie: "Nashukuru kwa kunipigia kaka. Kama tulivyoongea, utatuma nyingine Alhamisi na nauli ya kurudi ni yako." Akinyamaza, maandishi yapo. Akikanusha, angalau mmejua mnapotofautiana.

Kwenye simu ile alinieleza jambo ambalo lilinigusa. Yeye mwenyewe huchukua mzigo kwa mtu wa jumla, na mtu wa jumla humpa siku chache tu za kubadilisha. Zikipita, hasara ni yake. Nilimwamini. Wafanyabiashara wengi wadogo wa pale Mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani wamebanwa katikati hivyo, na ukimfokea mtu wa namna hiyo unamfokea mtu anayehesabu faida ya elfu tano. Lakini yeye ndiye aliyeweka waranti ya miezi 6 ili auze, na bei aliyonipa ilikuwa na waranti ile ndani yake. Nikamwambia hivyo, pole pole, nikamwongezea kwamba video ninayo na anaweza kuitumia kumwonyesha mtu wake wa jumla. Hapo ndipo mazungumzo yalipolainika. Ukimpa muuzaji silaha ya kudai juu yake, anaacha kupigana na wewe.

Zile gharama zenyewe usizichukulie zote kwa uzito mmoja. Ada ya fundi chini ya waranti ikatae moja kwa moja; kama unalipia matengenezo, waranti imebaki jina. Ada ya "kuangalia" au kupima ikubali kwa sharti moja tu, kwamba utarudishiwa kasoro ikithibitika kuwa ya kiwandani, na sharti hilo liandikwe. Ile ya "ongeza elfu ishirini nikupe toleo jipya" iogope, kwa sababu inageuza dai lako kuwa manunuzi mapya, na mara nyingi waranti ya mwanzo hufutika hapo. Kukatwa fedha kwa sababu "umeshaitumia" kunaweza kuwa na maana kama umeitumia miezi 5, lakini kwa siku 18 hakuna hoja.

Nauli ndiyo pekee ambayo mimi niliitolea nafasi. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi, kila siku bila hedifoni ilinigharimu, na kumsubiri atume mtu Morogoro kungechukua wiki. Nikakubali kulipa 5,000 ya kwenda, yeye akabeba ya kurudi, na fundi akatoka kabisa kwenye mazungumzo. Haki yangu ilikuwa kubwa kuliko hapo, nalijua hilo. Nilichagua muda. Wewe unaweza kuchagua tofauti, mradi uchague mwenyewe ukijua unachokiachia, badala ya kuambiwa tu kwamba ndivyo ilivyo.

Ukiamua kutuma, usipeleke kila kitu. Bakiza nakala ya risiti, piga picha mzigo ukifungwa, andika namba ya utambulisho kwenye karatasi na uiweke ndani pamoja na maelezo mafupi ya kasoro. Kwa karani wa mizigo, taja thamani yake halisi na uchukue stakabadhi. Nimeona mzigo wa laki moja ukiandikwa "nguo" ili nauli ipungue, na ulipopotea mwenyewe hakuwa na pa kushika.

Akikataa kabisa, au siku uliyompa ikapita kimya, andika mara ya pili, fupi, ukitaja sasa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na hatua utakayochukua. Tanzania, Tume ya Ushindani, inayojulikana zaidi kwa herufi zake za FCC, ilianzishwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Ndiyo pia inayoshughulika na bidhaa bandia. Kama ulichouziwa ni nembo kubwa ya kughushi, hilo halihusu waranti tena. Ni kosa jingine, na tume ndiyo mahali pake. Kwa fedha yenyewe, Mahakama ya Mwanzo ipo, inasikiliza kwa Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Ukiwa mkoani na muuzaji yuko Dar es Salaam, muulize karani kwanza dai lifunguliwe wapi, maana safari mbili zinaweza kula zaidi ya hedifoni. Wenzetu wa Kenya wana Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016, inayopokea madai yasiyozidi shilingi za Kenya 1,000,000 na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Kwa mnunuzi wa vifaa vya umeme, hiyo ni neema.

Polisi waache, isipokuwa kama muuzaji alichukua fedha na hakutuma kitu chochote. Hedifoni iliyokufa ni mgogoro wa mapatano. Na usimweke picha yake mtandaoni ukimwita tapeli. Ukifanya hivyo unakuwa umetumia nguvu yako ya mwisho mwanzoni, hana tena sababu ya kuelewana nawe, na unaweza kujikuta wewe ndiye unayelalamikiwa.

Kuna wale ambao hedifoni zao zimeletwa na ndugu kutoka nje. Hapa haki iko kwa aliyenunua, kule aliponunua, na waranti nyingi za kampuni hufanya kazi katika nchi au ukanda ule tu. Kama shangazi aliinunua Uingereza, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa siku 30 za kukataa kitu kibovu na kurudishiwa fedha yote, na kasoro ikitokea ndani ya miezi 6 huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Kuitengeneza au kuibadilisha ni kwa gharama ya muuzaji. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji hubeba dhamana ya kisheria kwa angalau miaka 2. Zote hizo ni haki nzuri zinazopotea ndani ya sanduku la nguo likisubiri safari ya Desemba. Mwambie shangazi aifungue na kuivaa wiki ile ile aliyoinunua, kila siku, kabla haijapanda ndege. Na atunze risiti yeye; wewe mwombe picha yake. Kwa zile za Dubai, muulize anayekuletea swali moja kabla hajalipa: waranti hii inatumika Tanzania, na kwa nani?

Yangu ya pili ilifika Msamvu Jumamosi jioni. Sikuondoka nayo. Nilifungua boksi pale pale kwenye kaunta ya mizigo, karani akiwa ananitazama, nikaiunganisha na simu, nikasikiliza kulia kwanza, kisha kushoto, kisha nikampigia dada yangu ili nijaribu kipaza sauti. Namba ya utambulisho ilikuwa tofauti na ya kwanza, nikaipiga picha. Halafu nikamwandikia yule kaka: "Imefika salama, inafanya kazi pande zote. Namba yake mpya ni hii hapa. Naomba unithibitishie kwamba waranti ya miezi 6 inahesabiwa kuanzia leo." Alijibu baada ya dakika chache: "Sawa dada, kuanzia leo." Nikaipiga picha na hiyo.